Maji, mazutu ao jua? Historia ya umeme kwetu, na swali tunalosahau kuuliza



Mwaka huu wakati wa mavuno nilisimama kwenye mstari mbele ya mashine ya kukoboa mpunga, hapa hapa centre. Mashine iko. Mpunga uko, magunia kwa magunia. Watu wako tangu asubuhi. Mazutu ndiyo haiko. Pikipiki iliyokwenda kutafuta bidoni mbili ilikuwa imekwama njiani juu ya mvua, na hakuna aliyejua itafika leo ao kesho kutwa. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake akanigeukia: "Mwanangu, weye si ndiye uliyesoma mambo ya kilimo? Hebu tuambie. Kati ya maji, jua na hii mazutu, ni kipi kingetutoa hapa?"

Nikajibu haraka, kama mwanafunzi aliye mbele ya mwalimu: "Maji, mama."

Akanitazama. "Maji tuko nayo tangu mababu. Luama haijakauka hata siku moja. Na moto hatujauona."

Nilinyamaza. Haya ninayoyaandika leo ndiyo jibu nililochelewa kumpa. Na nimeona kwamba ili kulinganisha vyanzo vya umeme katika eneo letu, haitoshi kuhesabu kilowati. Lazima turudi nyuma kidogo katika historia.

Tulianza na mikono

Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya waungwana kutoka pwani, wakati Nyangwe, Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya pembe, na ya watu pia. Tangu wakati ule mpunga umekuwa chakula chetu na pesa yetu. Lakini nguvu ya kuukoboa ilikuwa moja tu: mikono ya wanawake, kinu na mchi. Hiyo nayo ni nishati, hata kama hakuna anayeiandika katika takwimu. Kila mara mazutu inapokosekana, tunarudi kwenye nishati hiyo hiyo, na anayeilipa ni mama na binti zake.

Kwa hiyo tusiseme kwamba Kabambare haina nishati. Inayo, ila imewekwa juu ya mabega ya watu fulani.

Maji ya makampuni

Wabeleji walipoanza kuchimba bati, walikuta shida ile ile tuliyo nayo leo: mazutu iko mbali. Ilipaswa kuvuka bahari, kupanda treni, kuteremka kwenye mashua, kisha njia ya udongo. Mgodi unataka nguvu usiku na mchana: pampu za kutoa maji, mashine za kusaga mawe, karakana. Wakapiga hesabu zao na kuona kwamba kujenga mtambo kwenye maporomoko kunakula pesa nyingi mwanzoni, lakini baadaye mto unafanya kazi bila kudai mshahara.

Ndipo tukapata mitambo ambayo majina yake bado yanasikika. Kule Kalima, kampuni ya Symétain ilikuwa na mtambo wa Lutshurukuru, kama megawati 5 hivi, kwa ajili ya migodi yake ya bati. Upande wa kusini, kampuni ya Géomines ilijenga Piana Mwanga juu ya mto Luvua, ukaanza kazi mwaka 1933 kwa ajili ya bati ya Manono. Na mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye mto Kyimbi, ulijengwa mtambo wa Bendera wa megawati kama 17, wa kulisha Albertville, yaani Kalemie ya leo, na viwanda vyake.

Tuelewe kwanza juu ya nini maji yalishinda. Hesabu yake ni nyepesi, hata mwanafunzi wa humanités anaweza kuifanya. Chukua maji ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, yaangushe kutoka mita 10: nguvu iliyo ndani yake ni kilowati 98. Mashine zinapoteza sehemu, unabaki na kama 70. Mota ya kukoboa mpunga inakula kama kilowati 10. Maana yake kijito kimoja, hata si Luama yenyewe, kingeweza kuendesha mashine sita ao saba kwa pamoja, mchana na usiku, bila bidoni hata moja.

Sasa mtauliza: kama maji ni mazuri hivyo, imekuwaje tumebaki gizani? Jibu liko katika ramani ya nyaya. Umeme ulitoka kwenye maporomoko ukaenda kwenye mgodi, kwenye ofisi, kwenye nyumba za wakubwa na kambi za wafanyakazi. Vijiji vilivyokuwa pembeni havikuwa ndani ya hesabu, kwa sababu mtambo ulipimwa kwa mahitaji ya bati.

Na kitu kilichopimwa kwa bati kinaanguka pamoja na bati. Mwaka 1976 makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Mwezi wa Oktoba 1985 soko la bati la dunia liliporomoka kule London, na SOMINKI haikupona tena. Tazameni ajabu hiyo: mvua ya Maniema haikupungua, mto haukupungua, lakini mitambo ikakosa vipuri na mafundi, sababu bei imeanguka katika mji ambao hakuna mtu wa Kalima aliyewahi kuuona. Kindu, makao makuu ya jimbo, ikabaki kutegemea waya unaotoka Kalima na mitambo iliyozeeka. Manono nayo, mji uliokuwa ukisifiwa kwa taa zake, uligeuka giza: mgodi ulilala, na vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vikamalizia Piana Mwanga.

Moto unaolindwa na bunduki

Bendera inatufundisha jambo lingine. Mwezi wa Juni 1965, wakati maasi ya Simba yalikuwa yamejikusanya katika milima ya Fizi na Kabambare, kundi la wapiganaji pamoja na Wakuba waliokuja na Che Guevara walishambulia kambi ya jeshi iliyokuwa inalinda mtambo ule. Shambulio likashindwa, Wakuba wanne wakafa, na vitu walivyokutwa navyo vikaonyesha dunia kwamba Kuba iko Kongo.

Sisi tuliosoma tunakumbuka jina la Che, lakini tunasahau jambo la kawaida zaidi: walikuwa wanapigania karibu na mtambo wa umeme. Mtambo mkubwa mmoja unaolisha mji ulio mbali ni shabaha. Waya mrefu unaopita msituni ni shabaha. Ukikatwa mahali pamoja, wote wanalala gizani. Kwa eneo kama letu, ambalo halijamaliza hata miaka kumi mfululizo bila makundi ya silaha, hilo si jambo dogo. Linapaswa kuingia kwenye hesabu sawasawa na bei.

Inga ilipita juu

Kuna wanaosema: tungojee Inga. Inga I ilianza mwaka 1972 na megawati 351, Inga II mwaka 1982 na megawati 1 424. Kisha ukavutwa waya wa kilomita kama 1 700 mpaka Kolwezi, kwenye shaba. Ule waya unabeba umeme wa mkondo mnyoofu kwa nguvu kubwa sana, na umeme wa namna hiyo hauwezi kuushusha kijijini bila kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza. Kwa hiyo ulipita juu ya vijiji vingi vya inchi bila kuwasha hata taa moja.

Simlaumu fundi. Waya ulifanya kazi iliyoagizwa. Ni ile ile ya Kalima na Manono, ila kubwa zaidi: chanzo ni maji, safi kabisa, lakini mteja ni mgodi. Leo, karibu mtu mmoja tu kati ya watano katika inchi yetu ndiye ana umeme, na vijijini ni wachache mno.

Hata jotoardhi ilipita njia hiyo. Wachache wanajua kwamba mtambo wa kwanza wa jotoardhi Afrika ulikuwa kwetu Kongo, si Kenya: Kiabukwa, upande wa Upemba kule Katanga, mwaka 1952, ulitumia maji ya chemchemi yenye joto la digrii 91 kutoa kama kilowati 200 kwa kampuni ya madini. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981, miaka karibu 30 baadaye. Leo jotoardhi ndiyo nguzo ya kwanza ya umeme wa Kenya, na Kiabukwa ni jina katika vitabu. Wao waliiunganisha na gridi ya taifa na kuongeza mitambo mwaka kwa mwaka. Ya kwetu ilikuwa ya mteja mmoja, ikafa baada ya miaka michache.

Mazutu: rafiki wa leo

Makampuni yalipoondoka, kilichobaki ni grupu. Tusiidharau. Grupu ina sifa ambayo mto hauna: unainunua leo, kesho inawaka. Inabebwa juu ya pikipiki. Haihitaji mhandisi wa maji wala miaka mitatu ya kujenga. Hospitali ikipata mgonjwa wa kupasuliwa saa nane za usiku, haiwezi kungoja ukuta wa bwawa.

Lakini tuangalie hesabu. Lita moja ya mazutu ina nishati ya joto kama kilowati-saa 10. Grupu nzuri inakurudishia 3 tu za umeme, na zile zilizochoka tunazozifahamu hazifiki hapo. Maana yake mota ya kilowati 10 inakunywa lita tatu mpaka nne kwa saa moja. Kisha ongeza njia. Mazutu yetu inatoka upande wa ziwa, Uvira ao Kalemie, na kila daraja lililovunjika, kila kizuizi chenye kamba njiani, kinaingia kwenye bei ya lita. Kwa hiyo mkulima wa Kabambare, aliye mbali zaidi na bandari, ndiye anayelipa umeme wa bei ya juu kuliko mtu wa mjini. Hata mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Salamabila katika teritware yetu wenyewe, ulioingia kwenye uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulijengwa juu ya majenereta ya mazutu. Kama kampuni yenye malori inalia juu ya gharama hiyo, mama mwenye gunia mbili atafanya nini?

Jua limefika Manono

Mwaka 2018, Manono ile ile ya Piana Mwanga ilipata mtambo wa jua wa megawati 1, pamoja na batri za kuweka umeme wa usiku. Ni mdogo mara nyingi kuliko mtambo wa 1933. Lakini kuna tofauti moja inayonigusa: haukuanza kwa bati. Uliwekwa kwa ajili ya mji, wenye maduka, nyumba, huduma za watu.

Jua lina faida mbili kwetu. Ya kwanza, halipiti njia ya udongo. Pano zikishafika mara moja, hakuna bidoni ya kungoja. Ya pili, linagawanyika: pano 30 hapa, pano 30 kule, hakuna mahali pamoja pa kukata wote. Shida yake ni usiku na mawingu. Batri ndiyo sehemu ghali, na ndiyo inayokufa mapema. Wengi wetu tumenunua batri sokoni, mwaka mmoja imekwisha, tukasema jua ni uongo. Jua halina kosa. Tulinunua batri mbovu, ao tuliitumia mpaka tone la mwisho kila usiku.

Na hapa ndipo mwanakilimo anaweza kusema kitu. Kilowati moja ya pano katika eneo letu inatoa kama kilowati-saa 4 kwa siku. Mashine ya kukoboa ya kilowati 10, ikifanya kazi masaa matano, inahitaji 50. Hiyo ni pano zenye nguvu ya kilowati 12 ao 13, yaani kama 30 za kisasa, zile za wati 400. Mpunga unaweza kukobolewa mchana, jua likiwa juu. Hauhitaji batri kubwa! Taa ndiyo inayotaka usiku. Sisi tumezoea kuanza na taa na kushariji simu. Labda tungeanza na mashine, maana mashine inaleta pesa ya kulipia taa.

Chanzo cha nne kimelala nyuma ya kila mashine: makapi. Katika tani moja ya mpunga, kama kilo 200 ni makapi. Yakichomwa katika mtambo unaoyageuza kuwa gesi, yanaweza kutoa kilowati-saa kama 100, zaidi ya zile zinazohitajika kukoboa tani hiyo. Katika jimbo la Bihar, Uhindi, kampuni moja ilianza hivyo mwaka 2007 kuwashia vijiji taa. Lakini niseme ukweli wote: gesi ile ina lami inayoziba mashine, inataka fundi kila siku, na kampuni ile yenyewe baadaye iliegemea zaidi kwenye jua. Tena mashine zetu nyingi zinachanganya makapi na pumba. Kwa hiyo ni njia ya kujaribu, si ya kuanzia.

Basi, kipi ni bora?

Tukiweka yote kwenye mizani: maji ni rahisi kwa siku zote lakini ni ghali siku ya kwanza. Mazutu ni kinyume chake. Jua liko katikati, na kila mwaka bei ya pano inashuka. Maji nayo yana udhaifu wake: Tanzania, iliyotegemea sana mabwawa, iligawa umeme kwa zamu katika ukame wa mwaka 2006, na ilishika pia gesi ya Songo Songo kabla ya kumaliza bwawa la Julius Nyerere la megawati 2 115. Jirani hakuchagua kimoja. Alichanganya.

Lakini historia yetu inasema kitu ambacho mizani hiyo haionyeshi. Lutshurukuru, Piana Mwanga, Kiabukwa, Inga: vyanzo vilikuwa vizuri vyote. Hakuna kilichokufa kwa sababu mto ulikauka ao ardhi ilipoa. Vilidhoofika ao vilitupita kwa sababu mteja alikuwa mmoja, na hakuwa sisi. Kwa hiyo swali la kwanza si "chanzo gani?" Swali la kwanza ni "kwa ajili ya nani, na nani atatunza siku mteja mkubwa akiondoka?"

Zamani hakuna aliyetuuliza. Leo sheria inatupa mlango. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza utawala wa SNEL peke yake na kuruhusu majimbo na watu binafsi kuingia. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha ni ya eneo la mgodi na asilimia 25 ni ya jimbo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kutia sahihi pamoja nao daftari la masharti. Katika teritware yetu dhahabu inachimbwa. Madaftari hayo yanaandikwa, na nani anakaa mezani? Mara nyingi tunaomba paa la mabati la shule, ofisi, kiwanja cha mpira. Ni vizuri, lakini hakuna kinachozalisha. Mashine ya kukoboa inayoendeshwa na jua, ya ushirika wa akina mama, na fundi kijana aliyefundishwa kuitunza: hilo linaweza kuandikwa kwa mistari mitatu. Kisha mtambo mdogo wa maji, ambao nyaya zake zinaanzia kijijini, si mgodini.

Na kwa mtambo wa maji kuna kazi ambayo haihitaji hata dola moja. Anayekuja kuwekeza atauliza kwanza: mto wenu unapitisha maji kiasi gani mwezi wa Julai? Nani kati yetu anaweza kumjibu? Kupima ni rahisi: chagua sehemu iliyonyooka, pima upana na kina, tupa kipande cha mti, hesabu sekunde kinazotumia kupita mita 10. Rudia kila wiki, zaidi sana wakati wa kiangazi, andika katika daftari. Mwaka mmoja tu wa kuandika, na mradi una mahali pa kuanzia.

Pikipiki ile ilifika kesho yake, saa tisa. Yule mama hakuwepo. Alikuwa amebeba gunia lake na kurudi nyumbani, kwenye kinu. Nikimwona nitamwambia: mama, ulisema kweli, maji tuko nayo. Kilichokosekana ni jina lako kwenye karatasi ya kwanza. Mwezi wa sita naanza kupima kijito kilicho nyuma ya shamba letu. Anayetaka kupima cha kwao tushirikiane, tulinganishe madaftari mwisho wa kiangazi.